Nyumba ya Pikipiki Zilizosimama

Barua ilisema saa kumi alasiri. Siku ya arobaini tangu pikipiki ya mama yangu iingizwe katika Nyumba, saa kumi alasiri, mwaka wa pili utaandikwa kwenye kibao chake, na jamaa wa karibu anakaribishwa kushuhudia. Niliisoma nikiwa nimesimama, mwanangu Elinami mgongoni. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mara ya tatu nikaisoma kwa sauti, nione kama sauti yangu itaikataa. Haikuikataa. Ilikuwa barua ya adabu sana, na nimekuja kujua kwamba mambo ya kutisha huandikwa hivyo, na mtu mwenye kucha safi.

Nieleze taratibu, maana hata mimi nikilieleza haraka linanikimbia.

Mama yangu, Nasemba, alikuwa nesi wa chanjo. Kwa miaka ambayo sikuwahi kuihesabu alipanda pikipiki nyekundu, kasha la barafu limefungwa nyuma kwa mpira, akapeleka chanjo kwenye vijiji ambavyo magari yalikuwa yanageuzia njiani. Alipostaafu, pikipiki ilistaafu naye. Ikaingia ndani, ikakaa katika chumba chetu kimoja, kati ya kitanda na kabati, kama ndugu aliyekuja kutembea akasahau kuondoka. Mama aliifuta kila asubuhi. Kila Jumamosi aliiwasha kwa dakika mbili, moshi ukajaa, majirani wakakohoa kwa makusudi, akaizima, akaridhika. Na kila usiku kabla ya kulala alishika usukani wake akasema, kesho na mapema. Hakuwa na safari yoyote. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni sala.

Halafu Elinami akaanza kutambaa. Chumba ambacho kilikuwa kinatutosha kikawa hakitoshi. Mtoto alikuwa anakwenda moja kwa moja chini ya injini, anachovya kidole kwenye oili, anaweka mdomoni. Nilimwosha ulimi kwa kitambaa huku nalia. Nilitaka nafasi. Ndiyo dhambi yangu yote hiyo, nafasi ya hatua tatu kwa nne ambayo mtoto angeweza kutambaa bila mimi kushika roho mkononi.

Wakaja watu wawili wenye makoti meupe na karatasi. Walisema chombo hiki ni cha kuenziwa, kitasimama mahali pa heshima na wajukuu watakuja kukitazama. Nilisoma karatasi yote. Nilikuwa nimejitahidi kujifunza kusoma karatasi za namna ile, jioni baada ya jioni, kwenye madawati ya watoto wa mchana. Nilielewa kila neno. Hakuna aliyenidanganya. Nilitia sahihi nikiwa nimeinua kichwa, na mama akasimama pembeni akiwa ameshika ule mpira wa kufungia kasha, mikono haijui iupeleke wapi.

Siku ya tatu, kesho ilimtoka. Nilimwambia, mama, kesho tunampeleka Elinami kliniki, akaniangalia kama mtu niliyemtajia jina la mgeni. "Nani?" akasema. Nikarudia. "Huyo simjui," akasema, kwa upole, kama anayeomba radhi. Siku ya kumi yakamtoka majina ya vijiji vyake, kimoja kimoja, cha mbali kwanza. Siku ya ishirini akawa ananiita dada. Siku ya thelathini alikaa tu kitini, na chini ya meza mguu wake wa kushoto ulikuwa unatafuta gia. Unashuka, unapanda, unatafuta. Kutwa nzima.

Ndipo barua ikaja.

Na katika Nyumba ile kila kibao kina miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa kuanza, wa pili ni wa kuisha, katikati kuna kistari. Nilikuwa nimewahi kwenda kuangalia, wiki ya kwanza, nikasimama mbele ya kibao cha mama na kuona mwaka mmoja, kistari, halafu weupe. Nilikitazama kistari kile. Kilikuwa kifupi kuliko ukucha wa mwanangu, na ndani yake kulikuwa na matope ya masika yote, na mbwa waliomfukuza, na watoto waliochomwa sindano wakamchukia kwa siku moja na kupata miaka sitini ya kuishi. Lakini kistari ni cha yaliyopita. Mama yangu sasa alikuwa anaishi kwenye ule weupe baada yake. Wakiujaza, hakutabaki mahali pa yeye kukaa. Sikuhitaji mtu anifafanulie hilo.

Swali lililonitoa nyumbani siku ile, na ambalo bado linanitembelea nikiwa naosha nepi, ni hili: nani alimpa nani uwezo wa kukielekezea kidole kitu na kusema, wewe sasa ni jana?

*

Nilimwacha mama kwa jirani, nikafika saa tisa. Mlangoni alikuwa amekaa mhifadhi, Bwana Mchomvu, koti jeupe, miwani, kalamu ya wino mfukoni. Ni mtu mnene mwenye sauti ndogo. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada. Umekuja kwa kumbukumbu ipi?"

"Pikipiki nyekundu. Ya nesi Nasemba. Mimi ni binti yake, Nakunda."

"Safu ya saba. Hongera. Na hiyo chupa?"

"Uji wa mtoto."

Akaifungua, akaiweka puani, akafumba macho. "Wa ulezi."

"Na karanga kidogo."

"Karanga zimekaangwa mno." Akairudisha. "Usinielewe vibaya. Watu hutuletea petroli humu kwenye chupa za watoto. Mjane mmoja alileta kwenye chupa ya marashi. Nalazimika kunusa kila kitu. Jioni nikirudi nyumbani sisikii hata harufu ya kitunguu."

"Watu wanaleta petroli ya nini, baba?"

Uso wake ukachangamka. Ni wachache, nadhani, waliokuwa wanamuuliza. Akatoa kijitabu chembamba, akalowesha kidole, akafungua katikati. "Hapa. Chombo kinachonguruma si kumbukumbu. Mwenyewe akichukue aende nacho. Unapewa kiki tatu. Mafuta ya kutoka nje hayaingii, na kusukuma ili kiwake hakuruhusiwi. Kabla ya saa kumi. Kikinguruma, ni chako."

Moyo wangu ulipiga hadi Elinami mgongoni akashtuka.

"Wangapi wamefanikiwa?"

"Sijaona hata mmoja. Lakini sheria ipo, hatumzuii mtu."

"Na mafuta yaliyokuwemo ndani wakati inaletwa?"

"Namwaga mimi mwenyewe siku ya kwanza. Nafungua koki, naweka ndoo chini, nasubiri mpaka tone la mwisho. Halafu nasubiri tena kidogo, kwa heshima." Akafunga kijitabu. "Twende, nikusindikize. Muda wenyewe ndio huu."

*

Safu ya kwanza, dirishani mvua ilikuwa inanyesha. Safu ya pili, dirishani kulikuwa na kiangazi na ng'ombe waliokonda wakitazama ndani. Kila safu ilikuwa na dirisha lake na kila dirisha mwaka wake, na Bwana Mchomvu alipita katikati bila kugeuza shingo, kama mtu anayepita sebuleni kwake.

Zilisimama. Sijui niseme nini zaidi ya hilo. Pikipiki mia mbili zimesimama kwa stendi ya kati, wima, tairi la mbele limenyooka, hakuna hata moja iliyoegemea upande. Nimeishi na pikipiki tangu tumboni, na pikipiki hai siku zote huwa imeegemea kidogo, kama mtu anayesikiliza. Hizi zilikuwa zimenyooka kama watu waliopigwa picha ya kitambulisho. Taa zao za mbele zilikuwa zinanitazama, na kwenye kila taa niliona mwanamke mdogo mwenye mzigo mgongoni, na katika kila taa alikuwa mdogo zaidi.

Kulikuwa na ile ya mpeleka barua, mfuko wa ngozi bado umefungwa, barua bado zimo. Kulikuwa na ile ya padri yenye kijigari cha pembeni, na ndani ya kijigari mto wa kukalia uliobonyea, wa mtu ambaye kibao hakikumtaja. Kulikuwa na zile za msafara, kumi kwa mstari, nyeupe, zinazotangulia mbele ya gari la mkubwa na kuwasukuma watu wote pembeni. Hizo ndizo zilizong'aa kuliko zote. Vibao vyake vilikuwa na jina la yule aliyekuwa amekaa nyuma kwenye gari. Waliozipanda hawakuandikwa. Nikawaza: watu kumi walimeza vumbi la kwanza ili mmoja asilimeze, na hata vumbi lenyewe limefutwa.

Usilie, Elinami. Mama yupo. Mama anatembea tu.

Kadiri nilivyokwenda ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mzito na mimi mwepesi. Safu ya nne niliona visigino vyangu haviigusi vizuri sakafu. Safu ya tano kanga iliyomfunga mwanangu ilinibana kama vile mimi ndiye niliyefungwa, na pumzi iliyokuwa shingoni mwangu ilikuwa ya mtu mzima, ikinong'ona mambo ambayo sijafika umri wa kuyasikia. Nilijishika mikono. Ilikuwa mikono yangu, na alama ya kuungua na pasi iko pale pale.

Safu ya sita mwanamke alikuwa anapangusa jukwaa tupu. Gauni la bluu, ndoo, kitambaa begani. Bwana Mchomvu alimwita Mama Kidawa na kumuuliza kama maji ya leo yamechujwa. Akasema yamechujwa. Mimi nilikuwa nakisoma kibao kwenye lile jukwaa. *Nakunda binti Nasemba.* Mwaka wangu. Kistari. Weupe.

"Hapa kuna nini, mama?" nilimuuliza.

"Hapa hakuna kitu, mwanangu. Si unaona pako wazi?"

"Mbona unapangusa?"

"Nimeambiwa nipanguse safu ya sita yote. Hii ni safu ya sita." Akanitazama, akatazama kibao, akatazama mtoto. Akakikung'uta kitambaa taratibu. "Mimi kusoma sijui. Wewe unajua?"

"Najua."

"Pole."

Kando ya jukwaa hilo kulikuwa na jingine dogo zaidi, limefunikwa kitambaa cheupe. Sikukifunua. Namshukuru yeyote aliyenishika mkono.

*

Ilikuwa imeoshwa. Hilo ndilo la kwanza nililoliona, kwamba wameiosha pikipiki ya mama yangu mpaka haikumkumbuka. Udongo mwekundu uliokuwa umeganda chini ya bawa la tairi, ule ambao mama alikuwa anaweza kukwambia huu ni wa kijiji gani na huu wa kijiji gani, haukuwepo. Mkwaruzo kwenye tangi ulipakwa rangi. Saa ya kuhesabu maili ilikuwa imerudishwa sifuri, namba zote tano, macho matano yaliyofumbwa. Nilitamani kuiomba radhi lakini sikujua niiombe iliyo wapi.

Ukutani saa ilisema kumi kasoro dakika kumi na mbili. Bwana Mchomvu akavuta kiti, akakiweka kibao cha mama mapajani, akaifungua kalamu yake.

"Karibu, dada. Kiki tatu."

Nilipanda. Miguu ilifika chini kwa shida. Nilifungua koki kama alivyokuwa akifanya mama, nikavuta choki ya kuwashia, nikakunjua kile chuma cha kiki kwa unyayo wa kulia, nikapumua. Nikapiga.

Kilishuka kama mguu unaokanyaga ngazi isiyokuwepo. Sauti ya chuma. Kisha kimya, na kimya kile kilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi.

"Moja," akasema Bwana Mchomvu, kwa huruma ya kweli.

Sikiliza, nilijiambia. Wewe ndiye uliyetia sahihi. Mkono huu. Uliisoma karatasi yote na ukaielewa, na ulichokuwa unakitaka ni nafasi ya hatua tatu kwa nne, na sasa nafasi unayo, mtoto anatambaa humo, anatambaa kutoka kitandani hadi kabatini na hakuna kinachomzuia, na juu yake kuna mwanamke kitini ambaye mguu wake unatafuta gia. Ulitaka nafasi. Nafasi hii hapa. Hivi kila mama anayempisha mtoto wake lazima amsukume mama yake? Kuna nyumba gani isiyo ndogo? Nani aliyepima dunia akasema watatosha wawili tu?

Nikapiga ya pili kwa nguvu zote, kwa hasira, bila kusubiri. Elinami akarushwa juu mgongoni na kushuka, akaanza kulia. Chini ya kilio chake pikipiki haikusema chochote.

"Mbili," akasema Bwana Mchomvu. Akakung'uta kalamu. "Wengi ya tatu huwa hawapigi, dada. Hushuka tu, wakaipapasa, wakaenda. Nadhani hiyo ndiyo njia yenye utu zaidi. Wewe utaamua."

Saa ilisema kumi kasoro dakika saba.

Nilishuka kwenda kumtuliza mtoto. Nilijongea dirishani, maana watoto hupenda mwanga. Na nje ya dirisha la safu ya saba kulikuwa na njia ya udongo inayopanda kilima, nyasi zimefika kiunoni, na katikati ya njia mwanamke kijana amevaa sare nyeupe, na pikipiki nyekundu iliyozimika, na mtoto wa kike wa miaka saba anayepiga miayo. Mtoto yule nilimfahamu kwa magoti.

"Shika kasha," mama alikuwa anasema nje. "Usiliweke juani."

"Mafuta yameisha?"

"Yameisha upande huu."

"Kwani yana pande?"

"Tangi limepanda chuma kama mtu alivyopanda punda, mguu huku na mguu huku. Koki iko kushoto. Ya kushoto yakiisha, ya kulia bado yamekaa, yamejificha nyuma ya mgongo wa tangi. Injini haijui. Inadhani imekufa." Alikuwa ameishika pikipiki kwa usukani na kiti, anaiinamisha, anaiinamisha, mpaka ikalala kwenye nyasi ubavu wa kushoto. Aliilaza kama anavyolazwa mtu mwenye homa. "Sasa tuhesabu hadi mia. Na mia yenyewe, Nakunda. Ukiinyanyua mapema yanarudi yalikotoka."

"Tukichelewa je? Wale watoto?"

"Watatungoja. Hesabu."

Bwana Mchomvu alikuwa amefungua koki ya kushoto akaweka ndoo. Akasubiri hadi tone la mwisho, kisha akasubiri tena, kwa heshima. Na katika heshima yake yote haikumjia hata siku moja kukilaza kitu.

Nikarudi haraka. "Baba, nataka kuilaza chini."

"Kuilaza?"

"Chini. Ubavu."

Kalamu ilisimama hewani. "Dada, vitu humu husimama. Ndiyo kazi ya nyumba hii. Hakuna kitu kinachodondoka humu."

"Sheria inasema nisiilaze?"

Akafungua kijitabu. Akalowesha kidole, akageuza, akarudi, akageuza. Midomo yake ilikuwa inasoma. "Haisemi," akakiri. "Hakuna aliyewahi kufikiria jambo la aibu kama hilo."

"Basi nishikie mtoto."

Na kabla hajapata kifungu cha kukataa, Elinami alikuwa mapajani pake, juu ya kibao, juu ya weupe. Akaacha kulia palepale kwa mshangao. Bwana Mchomvu alimshika kama mtu anayeshika sufuria ya moto, mikono imenyooka, viwiko nje.

"Anatikisika," akasema.

"Ndiyo, baba. Yuko hai. Msogeze karibu, ataanguka."

Nikaitoa kwenye stendi. Nilijua ni nzito lakini nilikuwa nimesahau kwamba uzito wake una tabia. Ulinivuta. Nikauruhusu univute, nikashuka nao, goti langu chini, bega kwenye tangi, na nikailaza pikipiki ya mama yangu kwenye sakafu iliyosuguliwa ya Nyumba ya vitu vilivyosimama. Kutoka kwenye kabureta kukatoka tone moja. Harufu yake ikanifikia na macho yakajaa maji.

Kumi kasoro nne. Moja, mbili, tatu.

Ishirini. Ndani ya tangi hakuna sauti. Labda kumekauka. Labda alisubiri kwa heshima ndefu sana. Thelathini na mbili. Labda lile dirisha ni mimi mwenyewe tu, mwanamke aliyekosa usingizi siku arobaini. Arobaini. Na kama pikipiki zote zina upande wa pili, je, watu? Yule anayekaa kitini mguu unatafuta gia, amemwagwa upande mmoja tu? Hamsini na nne. Sisi wenyewe tumemwaga nini, kwa koki gani, tukaweka ndoo tukasema basi? Sitini. Usihesabu haraka, Nakunda. Ukihesabu haraka unajidanganya mwenyewe. Sitini na tano.

"Amekojoa," akasema Bwana Mchomvu.

"Samahani, baba. Sabini. Sabini na moja."

Juu, mahali fulani, kamba ya kengele ya saa kumi ilianza kukazwa. Nilisikia mti ukilia. Themanini. Mikono ilitaka kunyanyua. Mwili wote ulitaka kunyanyua. Tisini. Tisini na moja. Nilisikia, au nilidhani nasikia, kitu chembamba kikitiririka ndani ya chuma, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Mia.

Nikashika usukani na kiti, nikainua. Haikuinuka. Nikajaribu tena, na mgongo ukakataa. Ndipo kiganja chenye maji ya sabuni kikashika chuma karibu na changu.

"Mama Kidawa," akasema mhifadhi.

"Nimeambiwa nisizisukume," akasema yeye, anahema. "Kunyanyua sijaambiwa."

Ikasimama. Nikapanda. Kengele ikapiga mara ya kwanza na mimi nikashuka na uzito wangu wote, na wa mwanangu ambaye hakuwepo mgongoni, na wa yule mtoto wa miaka saba mwenye kasha.

Ikakohoa.

Ikakohoa tena, ikatema moshi wa bluu, ikashika. Ikanguruma. Ilitetemeka chini yangu kama mtu anayeamka na kukuta nyumba ya watu, na vioo vya taa mia mbili vikatetemeka nayo, na kwenye saa yake namba ya mwisho ikafumbua jicho nusu. Nilivuta mafuta kidogo tu, nikaogopa. Pumzi saba. Nane. Kisha ikapungua, ikakwama, ikanyamaza. Kengele ilikuwa imemaliza.

Moshi ulikuwa unatafuta njia kati ya safu.

"Imenguruma kidogo," akasema Bwana Mchomvu hatimaye.

"Sheria inasema kiasi gani?"

Hakufungua kijitabu. Alikuwa ananusa. Pua yake, iliyokuwa haisikii hata kitunguu, ilikuwa imeinuka, na miwani imemteremka, na Elinami alikuwa ameikamata kalamu kwa ngumi zote mbili na kuijaribu kwa fizi. Wino ulikuwa kidevuni kwake, na kwenye koti jeupe, na hakuna hata tone kwenye kibao.

"Mimi nimesikia," akasema Mama Kidawa. "Kama itahitajika shahidi."

"Hata mimi nimesikia." Mhifadhi akanipa mtoto taratibu, kama anayechelea kumwaga. "Ichukue, dada. Nenda nayo."

Nilikuwa nimeshamfunga Elinami mgongoni na kuigeuza pikipiki aliponiita tena. Alikuwa amesimama katikati, anatazama safu, zile za msafara, ya padri, ya mpeleka barua, zote ambazo alizifungulia koki kwa mkono wake mwenyewe. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi.

"Zote?"

"Sijui, baba. Mama alisema kila tangi lina pande mbili."

Akakaa. Mama Kidawa alikuwa amekwishaweka ndoo chini, na mkono wake ulikuwa juu ya pikipiki ya mpeleka barua, kwenye usukani. Alikuwa ameiinamisha kidogo tu, anaangalia mhifadhi atasema nini.

*

Niliisukuma hadi nyumbani. Haikuwa na tone tena, kulia wala kushoto, na njiani hofu ilinirudia yote, kwa utulivu, kama mtu aliyekwenda dukani. Nimechukua chuma tu. Zile pumzi nane ndizo zilikuwa zote. Nitamfikishia mama kitu kilichooshwa, atakitazama na kusema, huyu simjui. Nilipita watu na watu wakanipisha. Elinami alilala, shavu limenilowesha bega.

Mama alikuwa kitini, uani kwa jirani. Aligeuka kwa sauti ya tairi. Hakuniangalia. Alisimama, akaja polepole, akaizunguka pikipiki mara moja. Akapitisha kidole pale mkwaruzo ulipokuwa. Akaitikisa kwa usukani, kushoto, kulia, sikio limeelekea tangini.

"Uliilaza?" akasema.

"Ndiyo, mama."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Ulihesabu ngapi?"

"Mia."

"Mia yenyewe?"

"Mia yenyewe."

Akaitikisa tena, akasikiliza. Kisha akamtazama mtoto mgongoni mwangu, na ule wino kidevuni, na kwa kidole gumba alicholowesha kwa mate akaanza kuufuta, bila haraka, kama kwamba hakuna kilichotokea kwa siku arobaini isipokuwa mtoto kuchafuka.

"Kavu kabisa," akasema. "Iingize ndani, Nakunda. Kitanda tutakisogeza. Kesho na mapema nitafutie mafuta."